Jinsi ya kumsaidia mtoto ashike maana ya maneno mapya, hapo hapo jikoni kwako

Mwaka jana mwezi wa sita, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ile ya kukutoa machozi, nimekaa karibu na jiko la mkaa namenya viazi, mwanangu ana mwaka na miezi minne kakaa kwenye mkeka pembeni na sweta zake mbili. Mi naongea tu, "hiki kiazi baba, unaona kiazi, kiazi kikubwa hiki," macho yangu yote yako kwenye kisu. Kesho yake kaenda kwenye ndoo ya maganda tunayomwekea jirani kwa ajili ya ng'ombe wake, kachomoa ganda moja refu, kaninyooshea mkono, "Kiazi!" Nikamwambia hapana, hilo ganda. Akanishangaa. Nikaenda kuchukua kiazi chenyewe nikamwonyesha, akakiangalia kama nimemletea mgeni. Kwake yeye kiazi ni kile kinachotoka kwenye kisu kinaning'inia kama utepe, na ukikaa ukafikiria kosa lilikuwa la kwangu, maana muda wote natamka kiazi yeye alikuwa ameshika ganda mkononi analichezea na mi wala sikumwangalia.

Mi nilisoma ualimu wa chekechea, nikafundisha kidogo kabla sijahamia kwenye biashara ya viazi pale soko la Soweto, hapa hapa Mbeya, kwa hiyo haya mambo darasani niliyasikia ila nilikuja kuyaelewa nilipopata wa kwangu. Naandika kwa ajili ya wale mama (na baba, msijifiche) wanaouliza mtoto wafanye nini ili ashike maneno, wengine wanataka mpaka kununua machati ya ukutani. Machati si mabaya, ila subirini kwanza.

Ngoja nianze na kwa nini kazi yenyewe ni ngumu, maana ukishaelewa ugumu wake hutamgombeza tena mtoto. Kuna mwanafalsafa wa Marekani anaitwa Quine, mwaka 1960 aliandika mfano wa mtu aliyefika kwa watu ambao lugha yao haijui kabisa, sungura akakatiza, mwenyeji akasema "gavagai". Sasa gavagai ndo nini? Sungura mzima? Masikio yake? Mbio zake? Au jamaa anasema kitoweo kile kinatoroka? Hakuna kitu kwenye neno lenyewe kinachokuambia. Na mtoto wako ndo huyo mgeni, kila siku, kutwa nzima. Mmesimama pale Uyole mnasubiri kuvuka, unamwambia "bajaji hiyo!" yeye atajuaje kama bajaji ni kile chombo, au yale matairi matatu, au ule mlio, au dereva, au ndo neno la kusema pale mama anapokukaza mkono barabarani? Cha ajabu ni kwamba wengi wanapatia, na wanapatia haraka.

Wanapatia kwa sababu wanatumia macho. Kwa hiyo jambo la kwanza na kubwa kuliko yote nitakayoandika hapa: angalia mtoto anaangalia nini, ndo utaje hicho. Usimvute aje kwenye unachotaka wewe. Kuna jaribio la mwaka 1986 la Tomasello na Farrar, walichukua watoto wa miezi 17, wakati mwingine wanataja jina la kitu ambacho mtoto tayari anakiangalia, wakati mwingine wanajaribu kumtoa huko na kumleta kwenye kitu kingine ndo wanakitaja, na maneno yaliyoshikwa vizuri yalikuwa yale ya kumfuata mtoto. Yaani mtoto kakazana na kifuniko cha chupa, wewe unamlazimisha aangalie picha ya twiga, twiga wa nini? Sema kifuniko. "Umepata kifuniko. Kifuniko kinazunguka. Haya funika." Kifuniko kimeingia, twiga atakuja siku yake.

Hapa kwetu kuna tatizo moja sijawahi kuona mtu analiongelea. Mtoto tunambeba mgongoni, tena na baridi hii unamfunga kitenge unaongeza na blanketi, macho yake huyaoni kabisa. Unatembea sokoni unamwambia "ona ndizi" kumbe yeye kageukia upande wa kuku. Nilichojifunza ni kusikiliza mgongo. Akiona kitu kinachomvutia uzito unahamia upande huo, anajinyoosha, mkono unatoka kwenye kitenge unaelekeza, na mara nyingi anatoa kile kisauti cha "eh! eh!". Hapo simama, geuka na wewe ukione, ndo useme, "Aah, kuku. Kuku wamefungwa miguu." Sekunde tano tu. Wateja watasubiri.

Akikaribia mwaka na nusu hivi na yeye anaanza kukufuata wewe macho. Mtafiti Dare Baldwin alionyesha hili mwaka 1991: mtoto anachezea kitu chake, mtu mzima anachungulia ndani ya ndoo na kutaja jina geni, na wale watoto wakubwa kidogo wananyanyua macho kumwangalia mtu usoni kuona anaangalia wapi, wala hawabandiki lile jina kwenye kitu walichoshika wao. Kwa hiyo uso wako kwake ni kama kidole. Na ukisema neno huku macho yako yako kwenye simu, kidole chako kinaonyesha simu, ndo hivo.

Na usisubiri aanze kuongea ndo uanze kumtajia vitu. Mwaka 2012 Bergelson na Swingley walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 mpaka 9, wa huko Marekani, ambao hawajasema neno hata moja, tayari wanaelewa baadhi ya maneno ya vyakula na viungo vya mwili, ukitaja kitu wanakiangalia. Kwa hiyo yule anayekuambia "unaongea na kichanga kama chizi" mwache, endelea, ukimwogesha taja mkono, mguu, tumbo.

Sasa tuje kwenye namna mtoto anavyobahatisha, maana ana sheria zake kichwani na ukizijua unaweza kucheza nazo.

Ya kwanza, neno geni analidhani ni la kitu kizima, siyo kipande chake (ndo maana ganda kwake lilikuwa kitu kizima, alilishika peke yake). Ukitaka ajifunze jina la kipande, anza na jina la kitu alilokwisha kulijua halafu shuka, "hiki kiazi, na hili ganda la kiazi". Ya pili, akishajua jina la kitu anaenda nalo kwenye vitu vyenye umbo lile lile. Wangu alipojua mpira, basi chungwa mpira, epo la Makete mpira, kitunguu mpira, na usiku mmoja mwezi umetoka mzima juu ya mlima Loleza akanyoosha mkono kabisa, "mpia!" anataka apewe. Bibi yake alicheka mpaka akakaa chini. Hilo siyo kosa la akili, ni bahatisha nzuri tu iliyopitiliza, na mara nyingine anajua kabisa siyo mpira ila hana neno jingine la kutumia. Unachofanya ni kumpa neno linalokosekana, "eeh, umeviringana kama mpira, huo mwezi." Mpe na vitu tofauti vyenye jina moja, kijiko cha chai, kijiko cha wali, kile cha plastiki, vyote ni vijiko, ili aone jina linaishia wapi.

Ya tatu ndo naipenda zaidi na unaweza kuijaribu leo. Mtoto wa miaka miwili na kuendelea anaamini kila kitu kina jina lake moja, kwa hiyo akisikia jina geni analipeleka kwenye kitu ambacho hana jina lake. Chukua kikombe, kijiko, alafu kitu asichokijua, mfano chujio la chai. Viweke chini mbele yake. Usionyeshe kwa kidole. Mwambie, "nipe chujio." Atakaa kidogo, ataangalia kikombe, ataangalia kijiko, alafu atakupa chujio. Hujamfundisha chochote, kajifundisha mwenyewe kwa kuondoa yale anayoyajua. Ila usishangilie mapema! Kulibahatisha neno na kulijua ni vitu viwili. Mwaka 1978 Susan Carey na Elsa Bartlett walifanya hivi kwenye chekechea moja: mwalimu anamwambia mtoto amletee trei ya rangi ya kromiamu, siyo ile nyingine, basi, katikati ya shughuli za kawaida tu, na kromiamu lilikuwa neno ambalo watoto hawakuwa wanalijua kama rangi. Watoto walileta trei sahihi, na wiki kadhaa baadaye baadhi walikuwa bado wana kitu kichwani, wanajua ni neno la rangi ila rangi gani hasa hawana uhakika. Neno linaingia siku moja, maana yake inajaa miezi. Kwa hiyo chujio la leo lirudie kesho ukichuja chai, na kesho kutwa ukichuja uji, na siku ukilitafuta hulioni.

Hiyo sheria ya jina moja kitu kimoja ina siku inamwangusha, hasa kwenye Kiswahili chetu. Tuna jirani katokea Tanga, yeye wali bila nazi haujaiva, siku moja anapika akamtuma mtoto wa dada yangu, ana miaka mitatu na kitu, "Mama, kaniletee mbuzi hapo ndani." Mtoto akatoka mbio nje, zizini. Tunamsikia anavuta kamba na mbuzi analia. Akarudi jasho linamtoka, "Shangazi, mbuzi hataki!" Huku nyanda za juu wengi tunapika na mafuta tu, mtoto hajawahi kuona mbuzi ya kukunia nazi, mbuzi anayemjua ana pembe.

Ila ona hapo kuna kitu. Ingekuwa jirani kasema "ile mbuzi iko kabatini" badala ya mbuzi basi, kuna kidokezo, maana mbuzi mwenye pembe yuko, na hii ya nazi iko. Lugha yetu inambebea mtoto vidokezo kibao kwenye hizo herufi za mwanzo: huyu ni mwenye uhai, hiki ni kitu, hawa ni wengi, haka ni kadogo. Ukimsikilizisha "gavagai huyu amelala" mtoto aliyekua kidogo anajua tayari anatafuta kiumbe, siyo kikombe. Kwa hiyo ile tabia ya kuongea na mtoto kwa neno moja moja, "mbuzi! gari! maji!" sawa kwa kichanga kidogo, ila usiifanye ya kudumu, sema sentensi nzima fupi, "mbuzi huyu anakula majani," "gari lile limepaki." Kinachozunguka neno kinamsaidia kulielewa neno.

Majina ya ndugu nayo ni shughuli ya pekee jamani. Mi mwanangu namwita baba, kwa sababu kapewa jina la baba yangu. Baba yake namwita baba mbele ya mtoto. Shemeji yangu ni baba mdogo. Bibi yake akija kutoka Tukuyu anamwita "mume wangu", utani wa bibi na mjukuu. Sasa wewe ndo mtoto, baba ni nani? Alipofika mwaka na miezi minane kila mwanaume mwenye kofia ni baba, tena ndani ya daladala, kwa sauti, nikawa naangalia dirishani najifanya sisikii. Haya maneno siyo majina ya watu, ni majina ya uhusiano, baba wa nani, na mtoto anachelewa kuyapata, hata wa miaka minne ukimwambia bibi yako ni mama wa mama yako anakuona umechanganyikiwa, mama ana mama? Usimbane. Msaidie kwa kumalizia, "baba mdogo kaja, mdogo wake baba," "huyu bibi ndo alimbeba baba alipokuwa mdogo." Ikirudiwa rudiwa atapata.

Akikosea usimwambie "hapana, siyo hivyo" ukaishia hapo, na usimfanye arudie kama yuko paredi. Rudisha tu sentensi yake ikiwa imenyooka. Wangu anapenda kusema "maji yamemwaga". Namjibu, "eeh, maji yamemwagika, nani kayamwaga?" Kwenye jibu moja kasikia yote mawili, kumwaga na kumwagika, na hajagombezwa. (Nani kayamwaga hajanijibu mpaka leo.) Na punguzeni mitihani! Hii nini? Hii nini? Hii nini? Mgeni kafika, mtoto anaitwa mbele aonyeshe pua. Maswali mawili matatu ya mchezo sawa, ila ukiuliza hujampa neno, umemdai tu.

Maneno ya vitendo ni magumu kuliko ya vitu, kwa sababu kiazi kinakaa hapo ukiangalie, ila kumenya kunapita. Mbinu yake ni kutaja kitendo kabla hujakifanya. Tomasello na Kruger mwaka 1992 waliona watoto walishika kitenzi vizuri zaidi kikitajwa kabla ya kitendo kufanyika kuliko wakati kinafanyika, na ukijaribu utaona kwa nini: ukisema "sasa naikoroga" alafu ukatulia kidogo mwiko uko juu, anasubiri, macho yako kwenye sufuria, kisha unakoroga. Ukiongea huku unakoroga anaangalia mvuke.

Rangi msiwe na haraka nazo, wengi wanatulia nazo kwenye miaka mitatu, minne. Ila Kiswahili kimetupa zawadi, nusu ya rangi zetu ni majina ya vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Mpeleke kwenye jiko la mkaa likiwa limepoa, gusa jivu, alafu shika sweta ya kijivu. Wenye ndugu Mbozi mna kahawa mlangoni. Na tumia ule ujanja wa trei, vitu viwili vinavyofanana kila kitu isipokuwa rangi, "nipe sahani ya kijani, siyo ile nyekundu." Ukimpa kikombe cha kijani na mpira mwekundu atadhani kijani ni jina la kikombe.

Katuni za kwenye simu... najua, na mi nampa nikitaka kupika kwa amani. Ila usitegemee zimfundishe zikiwa peke yake. Kuna jaribio maarufu la Patricia Kuhl na wenzake, 2003, watoto wa miezi tisa wa Kimarekani walichezewa na mtu anayeongea Kichina, wakashika kutofautisha sauti za Kichina, na wengine wakawekewa mtu huyo huyo kwenye video, hawakushika kitu. Hizo zilikuwa sauti, siyo maana, ila sababu ni ile ile, video haijui mtoto anaangalia wapi. Kaa naye mkiangalia, useme wewe.

Na bibi kuongea Kinyakyusa hakumchanganyi mtoto. Mama mkwe akimpa kitu anasubiri asikie "ndaga", mi nasubiri "asante", na mtoto bado hajafikisha hata miaka mitatu anajua nani anapewa lipi. Ile sheria ya jina moja kwa kitu kimoja, watoto wa lugha mbili wanailegeza, wanajua kitu kinaweza kuwa na jina la kwa bibi na jina la kwa mama. Kihehe, Kibena, Kisafwa, acheni waongee, tena waongee sana, bibi anayejikaza Kiswahili kibovu ili amfurahishe mkwe anasema maneno machache kuliko anayoyajua.

Mwisho kuhusu kuchelewa. Watu watakuambia wa kiume huchelewa, ulimi mzito, subiri. Wanatofautiana sana kweli, ila akifika mwaka na nusu hana neno lolote, au miaka miwili haunganishi hata mawili kama "maji tena", au alikuwa anasema akaacha, nenda kliniki. Na omba wamwangalie masikio kwanza. Baridi hizi zetu za mafua yasiyoisha, sikio likitoa usaha mara kwa mara mtoto anasikia kama yuko ndani ya maji, na neno usilolisikia vizuri hata uangaliwe macho vipi hulipati. Kabla hujaenda kaa siku mbili tatu uandike kwenye daftari kila neno analolisema na analimaanisha nini, maana ukiulizwa pale ghafla utasahau. Andika yote, ya Kiswahili, ya kwa bibi, na yale aliyoyatunga mwenyewe, kama analitumia kwa kitu kile kile kila siku linahesabika. La kwetu la kwanza kwenye orodha ni "bwebwe", ni mbwa wa jirani, na mbwa wengine wote, na pikipiki moja ya jamaa wa pale kona inayogoma kuwaka.